Ngoma katika albamu za metali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya ni wa aina tatu: msikilizaji aliyeipenda bendi jukwaani kisha albamu yake ikamchosha, mpiga dramu anayejiandaa kuingia studio kwa mara ya kwanza, na yule anayewakuta wenzake wakigombana juu ya snea, ile ngoma ndogo yenye mlio wa kupasuka, akabaki kujiuliza wanagombania nini. Majibu yana msimamo. Naamini ngoma hazina sauti nzuri ya peke yake. Sauti yake ni nzuri pale inapoiachia rifu, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, nafasi ya kusikika, na ni mbaya pale inapoifunika, hata kama kila ngoma ukiisikiliza yenyewe inapendeza.

Kwa nini ngoma zinabeba uzito mkubwa hivi kwenye metali kuliko kwenye muziki mwingine?

Kwa sababu ya gitaa. Gitaa lililojazwa distosheni, yaani sauti iliyokwaruzwa kwa makusudi, ni sauti iliyobanwa. Upige kamba kwa nguvu au kwa upole, kinachotoka kwenye spika kina ukubwa karibu uleule. Katika rumba, gitaa la solo lina mshtuo wake lenyewe. Hata ukiziondoa ngoma, mwili bado unajua pa kuingilia. Ziondoe ngoma kwenye wimbo wa metali na utabaki na ukuta wa mngurumo usio na mlango. Ni ngoma zinazokuambia rifu inaanzia wapi, inakata wapi, na ni noti gani imekusudiwa kukuumiza kifua.

Kwa hiyo zikikosewa, hasara haiishii kwenye ngoma. Gitaa linaonekana vivu, mwimbaji anaonekana kama anapiga kelele pembeni ya wimbo, na msikilizaji anasema nyimbo ni mbovu wakati nyimbo hazina kosa.

Ile snea ya St. Anger ilikuwaje hasa?

Hili ndilo swali linaloongoza, na linastahili jibu refu.

Metallica walitoa St. Anger mwaka 2003, prodyuza akiwa Bob Rock, ambaye pia ndiye aliyepiga besi kwa kuwa bendi haikuwa na mpiga besi wakati wa kurekodi. Chini ya snea huwa kuna nyaya nyembamba zinazogusa ngozi ya chini, na hizo ndizo zinazoipa ule mlio mkavu wa kupasuka. Kuna kitasa kidogo pembeni cha kuzilegeza. Lars Ulrich, mpiga dramu wao, amewahi kueleza kwamba siku moja alisahau kuzikaza, akasikiliza kilichorekodiwa, akakipenda. Ndivyo snea ilivyobaki: haina mpasuko, ina mlio mrefu wa chuma unaoendelea kulia baada ya kila pigo.

Wengi huishia kusema mlio ule ni mbaya. Mimi sidhani mlio wenyewe ndio tatizo. Pigo moja la aina hiyo, mahali pake, linaweza kusisimua sana. Tatizo ni mambo matatu yaliyokutana. La kwanza, mlio unaovuma una noti yake, na noti hiyo haibadiliki wimbo unapohamia ufunguo mwingine, kwa hiyo mara kwa mara unagombana na gitaa. La pili, uvumi wake unajaza vile vipande vya kimya katikati ya mapigo, na vipande hivyo ndivyo rifu za James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, zilikozoea kuishi. La tatu, albamu ina takriban dakika 75, hakuna solo za gitaa za kumpumzisha msikilizaji, na snea imewekwa mbele kuliko karibu kila kitu. Sikio linavumilia jambo la ajabu kwa dakika nne. Kwa zaidi ya saa nzima linaanza kuomba huruma.

Yapo ya kuitetea. Bendi ilikuwa katika kipindi kigumu, Hetfield alikuwa ametoka kwenye matibabu ya ulevi, na walitaka albamu inayosikika kama watu wanaogombana gereji. Kwa lengo hilo, ngoma zile ni za kweli kabisa. Toleo la kwanza lilikuja pamoja na DVD ya bendi ikizipiga nyimbo zote katika chumba cha mazoezi, mpiga besi mpya Robert Trujillo akiwa ameshajiunga. Itafute. Nyimbo ni zilezile, lakini mizani ya vyombo ni nyingine, na utasikia mwenyewe ni kiasi gani cha hukumu yako juu ya utunzi kilikuwa kweli ni hukumu juu ya sauti.

Kwa nini ngoma ya mguu kwenye metali ya kisasa inalia kama taipureta?

Kwa sababu ya mwendo. Tufanye hesabu kidogo, kwani bila hesabu hii ubishi hauishi.

Wimbo ukienda kwa mapigo 200 kwa dakika, na mpiga dramu akajaza mapigo manne ya miguu ndani ya kila pigo, hayo ni mapigo zaidi ya 13 kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 75 tu. Kishindo cha chini cha ngoma ya mguu kiko karibu Hz 60 (mitetemo 60 kwa sekunde), na wimbi moja la Hz 60 linachukua takriban milisekunde 17 kukamilika. Maana yake, kabla wimbi halijazunguka hata mara tano, pigo jingine limeshafika. Ngoma kubwa isiyozibwa huvuma kwa muda mrefu kuliko huo. Vishindo vinapandana, na msikilizaji hasikii miguu tena, anasikia vumi moja.

Suluhisho ni kumpa msikilizaji kitu cha juu cha kushika, yaani ule mlio wa kichwa cha pedali kugusa ngozi, ambao unaishi kati ya Hz 3,000 na 6,000 hivi. Mlio huo ni mfupi sana, kwa hiyo haupandani. Mafundi huuinua, hukata ule mzito wa kwenye Hz 300 hadi 400 unaosikika kama sanduku la karatasi, huweka blanketi au mto ndani ya ngoma, na wapigaji hutumia vichwa vya mbao au plastiki badala ya manyoya. Vinnie Paul, mpiga dramu wa Pantera, aliufanya mlio huo kuwa saini yake. Sikiliza Vulgar Display of Power ya mwaka 1992, aliyoizalisha pamoja na Terry Date. Miguu yake inakata kama shoka, na inafaa, kwa sababu rifu za Dimebag, mpiga gitaa wao, zina mapengo mengi na miguu inaingia humo.

Ubaya unaanza pale bendi ya mwendo wa polepole inapoazima mlio huohuo. Ukipiga doom, metali ya polepole, kwa mapigo 60 kwa dakika una nafasi ya kishindo kizima, kuanzia ngozi hadi ukutani na kurudi. Kuweka pale mlio wa taipureta ni kuutupa utajiri ulioko mezani.

Triga na sampuli ni udanganyifu?

Hapana, lakini si kila matumizi yake yanapendeza.

Triga ni kifaa kidogo kinachobanwa kwenye ngoma, kikihisi pigo kinatoa sauti iliyorekodiwa awali, yaani sampuli. Siku hizi programu hufanya kazi hiyohiyo baada ya kurekodi. Mpiga dramu bado ndiye aliyepiga. Kilichobadilishwa ni mlio. Katika death metal ya kasi, ambako miguu inapigwa kwa upole mno ili ifike mwendo, ngoma halisi haina nguvu ya kupenya gitaa mbili na besi. Kwa hiyo sampuli inasaidia pale mwili wa binadamu unapofika mwisho.

Fear Factory waliifanya kuwa falsafa. Kwenye Demanufacture ya mwaka 1995, miguu ya Raymond Herrera imefungwa na mkono wa kulia wa Dino Cazares hadi huwezi kutenganisha gitaa na ngoma, na albamu yote inahusu binadamu kumezwa na mashine. Ubaridi ule ndio hadithi yenyewe.

Kinachonisumbua ni pale mlio mmoja unaporudiwa maelfu ya mara bila tofauti hata ndogo, kisha kila pigo likasogezwa kwenye gridi ya kompyuta hadi lisipotee hata kidogo. Mtu akipiga snea mara mbili, haipigi mahali palepale wala kwa nguvu ileile. Sikio linajua hilo bila kufundishwa. Fundi mzuri huichanganya sampuli na snea halisi, huacha tofauti za nguvu zibaki, na husogeza tu yale mapigo yaliyopotea kweli. Fundi mvivu anabadilisha yote, na ndiyo maana bendi nyingi za miaka ya 2000 zinasikika kama zilikuwa na mpiga dramu mmoja.

Besi ilipotelea wapi kwenye ...And Justice for All, na ngoma zinahusikaje?

Hii ni albamu ya Metallica ya mwaka 1988. Mpiga besi Cliff Burton alikuwa amefariki Septemba 1986 katika ajali ya basi nchini Sweden, na Jason Newsted ndiye aliyeingia nafasi yake. Flemming Rasmussen alirekodi, Steve Thompson na Michael Barbiero wakachanganya. Thompson ameeleza hadharani kwamba besi ilishushwa kwa matakwa ya bendi, Lars akiwa mstari wa mbele. Kuna na sababu ya kiufundi: Newsted alikuwa anazifuata rifu za Hetfield noti kwa noti, na gitaa zenyewe zilikuwa zimejaza eneo la chini ambalo besi ingeketi.

Sasa sikiliza ngoma. Ngoma ya mguu ni kavu, ina mbofyo mkali juu na kishindo kifupi chini. Snea ni ngumu na haina mwangwi. Katikati ya ngoma na gitaa kuna shimo pale ambapo besi ingekuwa. Shimo hilo ndilo linaloipa albamu ule ukavu wa mifupa. Kuna wanaoupenda kwa dhati, na kwenye wimbo "One", pale miguu inapoanza kufyatua kama bunduki pamoja na gitaa, ukavu huo ni baraka, kwani hakuna kinachofunika chochote. Kwenye nyimbo ndefu za mwendo wa kati, mimi huchoka. Nyimbo za dakika tisa zinahitaji kitu cha joto chini yake, na kitu hicho kilikuwepo kwenye tepu.

Mashabiki wameitengeneza upya mara nyingi mtandaoni wakiipandisha besi. Jambo la kushangaza ni kwamba besi ikirudi, ngoma nazo zinasikika nzuri zaidi bila mtu kuzigusa. Hiyo ndiyo hoja yangu nzima juu ya miksi.

Kwa hiyo miksi ni nini hasa? Si kupandisha na kushusha tu?

Ni kugawa ardhi. Besi ya kawaida inaanzia Hz 41. Gitaa la kawaida linaanzia Hz 82, ila likilegezwa hadi noti ya B linashuka Hz 62, na gitaa la nyuzi nane la bendi ya Meshuggah linashuka hadi Hz 44, yaani limeingia uwanjani mwa besi kabisa. Ngoma ya mguu inataka Hz 50 hadi 80. Snea ina mwili wake karibu Hz 200, ambako gitaa nazo zimejaa. Matuazi na hai-hati (yale mawili yanayobanwa kwa mguu) zinaishi juu, jirani na mpasuko wa sauti ya mwimbaji.

Hakuna njia ya wote kupata kila kitu. Mchanganyaji anachagua nani atoe kishindo cha chini kabisa, ngoma au besi, kisha anamkata mwingine kidogo hapo na kumpa nafasi mahali pengine. Anachagua kama snea itakaa mbele ya gitaa au ndani yake. Maamuzi haya ni ya utunzi sawa na kuandika rifu. Bendi inayomwachia fundi aamue bila kumwambia wimbo unataka nini haina haki ya kulalamika baadaye.

Mbona albamu za zamani zinasikika kama zinapumua?

Sehemu kubwa ni kwa sababu watu walipiga pamoja, chumba kimoja, na muda ulikuwa mchache. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilirekodiwa London kwa siku moja mwezi Oktoba 1969. Mpiga dramu wao, Bill Ward, alilelewa kwenye jazi, na ukimsikiliza utagundua hafuati rifu, anajibizana nayo. Mapigo yanasogea mbele kidogo, yanarudi nyuma kidogo, na uzito unatokana na huko kusogea.

Lakini nisiwadanganye kwamba zamani kila kitu kilikuwa cha joto na mwangwi. Mfano wangu ninaoupenda kuliko yote ni Reign in Blood ya Slayer, mwaka 1986. Wakati huo bendi za metali zilikuwa zinamwaga mwangwi kwenye ngoma hadi zinasikika kama zimepigwa kwenye handaki. Prodyuza Rick Rubin, aliyekuwa amezoea hip hop, pamoja na fundi Andy Wallace, waliuondoa mwangwi wote. Matokeo ni ngoma kavu, karibu na uso wako, na mpiga dramu Dave Lombardo anasikika kila kidole. Katika "Angel of Death" kuna mahali vyombo vinanyamaza na miguu miwili inabaki peke yake kwa sekunde chache. Kama kungekuwa na mwangwi pale, ungesikia ukungu. Albamu nzima haifiki nusu saa, nayo ni uamuzi wa busara: ukavu ule kwa dakika 60 ungemchosha mtu.

Tazama tena hapo. Ukavu wa Slayer unafaa, ukavu wa Justice unagawanya watu, na tofauti iko kwenye mwendo, urefu, na kilichobaki kwenye miksi.

Chumba kinabadilisha nini?

Zaidi ya maikrofoni. Dramu katika chumba kidogo chenye kuta za zege inatoa mwangwi mfupi na mkali unaogongana na matuazi. Katika ukumbi mkubwa, pigo linatoka, linafika ukutani, linarudi limechelewa, na ubongo unasoma ukubwa. Ingawa si metali, rekodi inayotajwa na kila fundi wa ngoma nzito ni "When the Levee Breaks" ya Led Zeppelin ya mwaka 1971. Mpiga dramu John Bonham aliwekwa chini ya ngazi katika nyumba ya Headley Grange huko Uingereza, na fundi Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili juu ya ngazi.

Albamu ya Metallica ya mwaka 1991, inayoitwa "nyeusi" kwa sababu ya jalada lake, imekaa kwenye mila hiyo. Bob Rock aliwafanya wapige pamoja ndani ya studio ya One on One, Los Angeles, badala ya kila mmoja kivyake, na nyimbo zikapunguzwa mwendo ili ngoma zipate muda wa kuvuma. Wanaosema bendi iliuza roho yake wakubali basi kwamba snea ile ilinunuliwa kwa bei nzuri.

Kama sauti safi ni muhimu, mbona black metal yenye sauti mbovu inapendwa?

Sikusema safi. Nimesema inayofaa.

Transilvanian Hunger ya Darkthrone wa Norwei, mwaka 1994, ilirekodiwa kwa mashine yenye njia nne tu za kurekodia, na Fenriz alipiga ngoma, gitaa na besi mwenyewe. Ngoma ziko mbali, nyembamba, na mdundo karibu haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiipima kwa vipimo vya Pantera ni kichekesho. Isikilize usiku kwa utulivu na utaona kwamba ngoma zile zimeacha kuwa ngoma. Zimekuwa upepo ambao gitaa linaelea juu yake. Zingewekwa mbele, zikapewa mbofyo na kishindo, wimbo ungekufa.

Na usidhani Norwei yote ilikuwa hivyo. De Mysteriis Dom Sathanas ya Mayhem, ya mwaka huohuo, ilirekodiwa Grieghallen, jumba la matamasha la Bergen, na fundi anayejulikana kama Pytten. Ngoma za Hellhammer, mpiga dramu wao, humo ni pana na zina kina, kila tomu (ngoma za katikati, kati ya snea na ile ya mguu) ina mahali pake. Bendi mbili, nchi moja na kizazi kimoja cha muziki, majibu mawili tofauti kabisa, na yote ni sahihi.

Nilisikia Death Magnetic inakwaruza. Ni spika zangu?

Si spika zako. Albamu hiyo ya Metallica ya mwaka 2008 ilibanwa na kupandishwa sauti hadi mawimbi yakakatwa vichwa. Wa kwanza kuumia ni ngoma, kwa sababu pigo la snea ndicho kilele kirefu kuliko vyote kwenye wimbo. Ukikikata, snea inasukumwa ndani ya gitaa na kinachobaki ni mkwaruzo. Ted Jensen, aliyefanya masta, yaani hatua ya mwisho ya kuandaa sauti baada ya miksi, alisema miksi zilimfikia zikiwa tayari zimebanwa. Toleo lililowekwa kwenye mchezo wa Guitar Hero halikubanwa vile, mashabiki wakalilinganisha, na maelfu wakatia saini kuomba albamu itengenezwe upya.

Siku hizi mbio hizo hazina faida hata kidogo. Spotify na YouTube huzishusha nyimbo zenye sauti kubwa ili zilingane na nyingine, Spotify ikilenga karibu LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Wimbo uliobanwa unashushwa na unabaki mdogo na bapa, huku uliopewa nafasi ya kupumua unabaki na vishindo vyake.

Je, ngoma za kompyuta zinaweza kubeba albamu ya metali?

Ndiyo. Meshuggah walitoa Catch Thirtythree mwaka 2005 ngoma zote zikiwa zimepangwa kwa programu, kwa sampuli za mpiga dramu wao Tomas Haake mwenyewe. Kazi ile ni wimbo mmoja mrefu wenye hesabu ngumu, na baridi ya mashine imekaa vizuri. Kisha mwaka 2016, kwenye The Violent Sleep of Reason, waliingia studio wakapiga wote pamoja moja kwa moja. Zisikilize moja baada ya nyingine. Ya pili ina jasho.

Kwa upande wetu kuna Duma, kundi la wawili kutoka Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hawakujaribu kuigiza dramu ya kawaida. Ngoma zao za kielektroniki zinapigwa kwa kasi isiyowezekana kwa miguu ya mtu, zinakatika, zinageuka kelele, na sauti ya Khanja inapanda juu yake. Wasingekuwa na studio ya Tampa au Stockholm, makao ya death metal, hata kama wangetaka, na hawakuihitaji. Kwangu mimi ndiyo albamu ya metali ya Afrika Mashariki iliyoelewa vizuri kuliko zote kwamba sauti ya ngoma ni uamuzi wa kisanaa.

Lazima mpiga dramu awe na pedali mbili?

Hapana. Nicko McBrain amepiga karibu kazi yake yote na Iron Maiden kwa mguu mmoja, na mwanzo wa "Where Eagles Dare" wa mwaka 1983 bado unawatoa jasho wenye pedali mbili.

Nisikilize kwa kifaa gani ili nihukumu kwa haki?

Usitumie spika ya simu. Chini ya Hz 200 haitoi kitu cha maana, kwa hiyo kishindo chote cha ngoma ya mguu kinapotea na unabaki na mbofyo tu. Nusu ya wanaolalamikia taipureta wanasikiliza hivyo.

Sabufa ya nyumbani ina kasoro ya upande wa pili. Nyingi zimetengenezwa kuvuma kwenye eneo moja la chini, na miguu ya kasi ikifika hapo inakuwa tope. Punguza kitasa cha besi hadi uweze kuhesabu mapigo. Hedifoni za kawaida za waya zinazofunika sikio, hata za bei ndogo, zinakuambia ukweli zaidi ya vyote viwili. Na ukilinganisha albamu mbili, zilinganishe kwanza ukubwa wa sauti, maana iliyo kubwa kidogo itaonekana bora hata kama si bora.

Bendi yetu inataka kurekodi. Hela ni kidogo. Tuanzie wapi?

Kwenye ngozi na ufunguo wa kukazia, kabla ya kuwaza maikrofoni. Ngozi mpya za snea na za tomu, zilizokazwa sawa pande zote, zitawafaa kuliko programu yoyote. Wapiga dramu wengi kwetu wamejifunzia kanisani, ambako ngozi hukaa miaka na hubandikwa utepe wa gundi ili zisivume. Mazoea hayo msiyapeleke studio.

Jambo la pili ni mkono wa mpigaji. Apige snea kwa nguvu na matuazi kwa upole. Wengi hufanya kinyume, na tuazi likishaingia kwenye maikrofoni ya snea halitoki tena. Ukipandisha snea, tuazi linapanda nalo. Nimesikia rekodi nyingi za bendi changa zikiharibika hapa, na hakuna fundi anayeweza kuzisaidia.

Kama chumba ni cha zege, tundikeni mablanketi mazito na egemezeni magodoro kwenye kona. Kama paa ni la bati, chagueni siku isiyo na dalili ya mvua. Maikrofoni nne zinatosha: moja ndani au mbele ya ngoma ya mguu, moja kwenye snea, mbili juu. Pimeni kwa kamba kutoka katikati ya snea hadi kila maikrofoni ya juu, umbali uwe sawa. Sauti husafiri mita moja kwa takriban milisekunde tatu, kwa hiyo umbali ukitofautiana, snea inafika mara mbili kwa nyakati mbili na inakuwa nyembamba. Ikiwa maikrofoni ni moja tu, iwekeni mbele ya dramu, usawa wa kifua, mita moja au mbili, mkaisogeze hadi snea na mguu vilingane.

Mkimaliza, mpeni mchanganyaji nyimbo mbili tatu mnazozipenda na mmwambie ni nini hasa mnakipenda humo. Snea ya nani, mguu wa nani, ukaribu wa nani. "Tunataka iwe nzito" haimwambii kitu.

Miksi ikishaharibika, toleo lililofanyiwa masta upya linaweza kuiokoa?

Kwa kiasi kidogo. Masta hufanya kazi juu ya wimbo uliokwisha kuunganishwa. Inaweza kupunguza ukali wa juu, kuongeza uzito kidogo chini, na kurudisha nafasi ya kupumua ikiwa miksi yenyewe haikubanwa. Haiwezi kukaza nyaya za snea wala kumtoa mpiga besi alikofichwa, kwani kwa hilo unahitaji kurudi kwenye tepu za kila chombo na kuchanganya upya. Metallica walipoitoa tena ...And Justice for All mwaka 2018, walifanya masta mpya na wakaiacha miksi ya 1988 kama ilivyo. Besi ya Newsted bado iko palepale ilipoachwa.